Sifa za kugombea urais Tanzania: tunabishana umri na uzawa, kufuli liko kwenye chama

Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Kila uchaguzi ukikaribia, na hata ukishapita, vijiweni linarudi swali lilelile: fulani anaruhusiwa kugombea urais au haruhusiwi? Mmoja atasema hana digrii, mwingine atasema babu yake alivuka mpaka na ng'ombe, wa tatu anahesabu miaka kwa vidole. Juzi kijiweni kwetu watu nusura wavuane mashati, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifungua Katiba. Mimi nimeifungua, tuanzie hapo.

Ibara ya 39 ni fupi, ukurasa wenyewe haujai. Inasema mtu hatastahili kuchaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano isipokuwa kama ni raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Ametimiza miaka 40. Ni mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho. Ana sifa za kuwa mbunge au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Na katika miaka 5 kabla ya uchaguzi hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali. Basi.

Digrii haimo. Ukienda kwenye sifa za mbunge, Ibara ya 67, utakuta kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Ina maana aliyeishia darasa la saba ana haki sawasawa na profesa, na wanaopiga kelele za vyeti waende bungeni wakabadilishe Katiba kwanza.

Sasa hoja yangu. Toa hilo sharti la chama, yaliyobaki yote yanapitisha Watanzania kwa mamilioni. Raia wa kuzaliwa wa miaka 40 anayejua kusoma na hana kesi ya kodi, mtaani kwangu tu wapo wa kumwaga. Anayechuja watu hapa nchini si Katiba. Katiba imelikabidhi chekeche kwa vyama, na ndani ya chama chekeche lipo mikononi mwa watu wachache sana.

Kumbukeni 2015. Wana-CCM 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Humo kulikuwa na mawaziri wakuu, jaji, mabalozi, maprofesa. Kamati Kuu ikakaa Dodoma, asubuhi majina yakawa matano: Membe, January Makamba, Dk. Migiro, Balozi Amina Salum Ali na Magufuli. Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, Mkutano Mkuu ukatoa moja. Wale 33 waliokatwa raundi ya kwanza hawakukosa sifa hata moja ya Ibara ya 39. Lowassa alikatwa humo, akavuka CHADEMA, akasimama kwa mwavuli wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na kupata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Mtu ambaye kwa Kamati Kuu hakufaa kuingia hata tano bora!

Naomba tujadili kwa hoja. Matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Ngosha wa Misungwi

Mleta uzi umeandika vizuri ila unapigana na kivuli. Chama ni taasisi. Unataka kila mwenye pesa na kipaza sauti aamke asubuhi agombee urais? Karatasi ya kura itakuwa na urefu wa mkeka. Chama kinamjua mtu wake, kimemwona akikua, kinajua siri zake. Usipochuja kwa chama utachuja kwa nini?

Mama Tunu

@Ngosha kaka yangu, hicho chama kinachomjua mtu wake ndicho hichohicho kinachomleta mtu aliyehamia wiki iliyopita na kumpa bendera. Tumeona pande zote mbili. Usituambie habari ya kukua mtu na chama.

Karani Mstaafu

Nawasalimu vijana. Mjadala huu una mtu wake, na nashangaa ukurasa mzima umepita hajatajwa: marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Wengi mnamkumbuka kwa makelele ya Viwanja vya Jangwani. Sisi tuliozoea vibaraza vya mahakama tunamkumbuka kwa mafaili.

Mwaka 1993 Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma. Hoja yake ilikuwa nyepesi ya kushangaza. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki shughuli za utawala wa nchi. Ibara ya 20(4) inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Sasa ukimwambia raia asigombee mpaka awe na kadi ya chama, si umemlazimisha? Yeye mwenyewe chama chake, DP, kilikuwa kimenyimwa usajili kwa sababu alisema wazi ni cha Tanganyika na hataki habari ya kutafuta wanachama Zanzibar. Kwa hiyo alikuwa nje kabisa ya uwanja.

Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki: mgombea binafsi aruhusiwe. Serikali ikakimbilia bungeni. Kabla mwaka haujaisha yakapitishwa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, Sheria Na. 34 ya 1994, sharti la chama likakazwa ndani ya Katiba yenyewe. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, ukakuta mlango umeshafungwa.

Mzee hakuchoka. 2005 akarudi mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010, miezi minne tu kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Rufani ikaketi majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani na kutengua: suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, mahakama isiwaamulie wananchi, lirudi bungeni.

Mtikila pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaenda mwaka 2011 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 ikaamuliwa kwamba Tanzania inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na irekebishe Katiba na sheria zake. Mchungaji akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mwingine ambao sharti lilikuwa palepale.

Na ukisoma orodha ya wale waliochukua fomu za CCM 2015 aliyoisema mleta mada, utakuta jina la Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani. Mwenyekiti wa lile jopo la majaji saba. Alipita kwenye mlango pekee uliopo, na Kamati Kuu ikamkata kama wengine.

Mama Tunu

Mzee Karani shikamoo. Hilo la Jaji Ramadhani sikulijua, nimekaa kimya dakika nzima.

Mpiga Zeze

Duh. Na hiyo hukumu ya Arusha ilitekelezwa?

Karani Mstaafu

Marahaba binti.

@Mpiga Zeze haijatekelezwa. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba iliweka mgombea huru, lakini mnajua wenyewe mchakato ulikoishia: kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika mpaka leo. Kisha Novemba 2019 Serikali ikaliondoa lile tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Mtikila wa leo hana njia aliyopita Mtikila wa 2011. Jengo liko kwetu Arusha, daladala zinapita nje, lakini mwananchi wa Ngaramtoni hafungui shauri humo.

Jirani wa Kisauni

Ndugu zetu, salamu kutoka Mombasa. Ngoja niwatie maji kidogo kwenye uji wenu.

Sisi Katiba ya 2010 imetupa mgombea huru, Ibara ya 137 iko wazi: uwe raia kwa kuzaliwa, uwe na sifa za kugombea ubunge, uteuliwe na chama au usimame mwenyewe, na udhaminiwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni 24. Umri wa chini wa miaka 35 tuliokuwa nao kwenye katiba ya zamani umeondoka. Badala yake Sheria ya Uchaguzi inadai digrii kwa rais na gavana, na hapo ndipo kwetu hupigwa vita vyenyewe, digrii za kweli na za mashaka.

Haya, mlango wazi. 2017 walisimama wagombea huru watatu, Nyagah, Wainaina na Kavinga. Hakuna aliyefika hata asilimia moja. 2022 wakaidhinishwa wanne tu, wote wa vyama au muungano. Sababu ni ile hesabu ya kaunti 24. Mwaka huo IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ilitaka na nakala za vitambulisho vya wadhamini. Hebu fikiria unazunguka Garissa, Turkana, Kwale, mtu akupe sahihi halafu umwombe mkapige kopi ya kitambulisho. Bila mtandao wa chama, hizo karatasi 48,000 utazibeba na nani?

Kibatari

@Jirani umeweka hoja ambayo Ngosha alipaswa kuiweka. Nakubali mgombea binafsi si lazima ashinde. Lakini tofauti ipo: Nyagah alishindwa na wapiga kura. Wa kwetu hafiki kwa mpiga kura.

Hata kwetu wadhamini wapo, na sharti letu ni jepesi mno ukilinganisha: wapiga kura 200 kwa kila mkoa, mikoa 10, angalau miwili iwe ya Zanzibar. Jumla 2,000, pamoja na dhamana ya shilingi milioni moja. Nimewahi kuona kazi hiyo ikifanyika. Vijana wa chama kidogo wamekaa stendi na fomu juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, wanamwomba kondakta kadi yake ya kura wanakili namba, konda anauliza "kwani nikisaini nimeshahama chama?" Siku mbili mkoa umekamilika. Kwa hiyo anayesema tusipoweka chama tutajaza karatasi ya kura, jibu lake ni kuongeza wadhamini. Wafanye hata elfu tano kila mkoa. Hilo ni chujio la wananchi.

Msafiri wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nina swali la kwangu binafsi, nisameheni kama natoka nje ya mada. Mwanangu amezaliwa huku Muscat, mimi na mama yake wote Watanzania, pasipoti yake ya Tanzania. Anasoma shule ya msingi, anasema akikua atakuwa Rais. Je, Katiba inamruhusu?

Kibatari

Wa alaykum salaam kaka. Hujatoka nje, umeingia kwenye kipengele watu wanachokiruka.

Sheria ya Uraia ya 1995 ina makundi matatu. Aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia wa kuzaliwa. Aliyezaliwa nje, baba au mama akiwa raia, ni raia wa kurithi. Wa tatu ni wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa. Ibara ya 39 inasema raia wa kuzaliwa "kwa mujibu wa Sheria ya Uraia", kwa hiyo ukiisoma neno kwa neno, kijana wako yuko kundi la pili. Mbunge anaweza kuwa, kwa sababu Ibara ya 67 inataka raia tu. Urais, kwa maandishi yalivyo leo, hapana.

Na ujue inavyochekesha: mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa hospitali ya Amana, Dar es Salaam, ukiisoma kifungu cha 5 cha sheria hiyo kama kilivyoandikwa, ana nafasi nzuri kuliko mtoto wa balozi wetu aliyezaliwa London.

Msafiri wa Muscat

Laa haula. Nitamwambia awe waziri.

Mwana wa Kamalondo

Ndugu, hapa Lubumbashi. Musicheze na hii habari ya uzawa. Kwetu Katiba ya 2006 inasema Mkongomani wa asili, miaka 30, basi. Halafu 2021 ikaletwa bungeni sheria ya bwana Noël Tshiani: anayetaka urais awe na baba na mama Wakongomani wote wawili. Kila mtu alijua imeshonwa kwa kipimo cha nani. Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani wa Katanga, mwenyekiti wa TP Mazembe, mama yake ni wa hapa, baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Sheria haikupita, mashitaka kwenye Mahakama ya Katiba yakatupwa, 2023 akagombea akawa wa pili. Lakini miaka miwili nzima watu walibishana damu ya mtu badala ya bei ya unga.

Karani Mstaafu

Kijana wa Lubumbashi umesema kweli, na Zambia walikutangulieni. Mwaka 1996 Rais Chiluba aliingiza kwenye katiba sharti la wazazi wote wawili kuwa Wazambia kwa kuzaliwa au kurithi. Aliyelengwa ni Kenneth Kaunda, ambaye wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mtu ameongoza nchi miaka 27 tangu uhuru, anaambiwa si mwenyeji wa kutosha kuigombea! Baadaye mahakama ikamtangaza hana uraia kabisa, mpaka Mahakama ya Juu ilipomrudishia.

Na sisi tusijione tumesalimika. 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu (Jenerali ni jina, si cheo), aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa si raia. Silaha ya uraia huku kwetu haihitaji kubadili Katiba, inatosha barua ya ofisini.

Mjukuu wa Pujini

Nyote mumesahau kitu kimoja. Huwezi kugombea peke yako. Mgombea urais lazima awe na mwenza, na mwenza atoke upande wa pili wa Muungano. Akiwa mgombea wa Bara, mwenza wa Zanzibar, na kinyume chake. Hilo nalo ni sharti, na kwa sisi wa Visiwani ndilo lililotupa Rais Samia. Hakuchaguliwa kuwa Rais 2020, alikuwa mwenza. Machi 2021 Magufuli alipofariki akapanda.

Mpiga Zeze

@Mjukuu na hapo ndipo penye ubishi wa mtaani kwetu. Kuna wanaosema kwa vile 2020 si yeye aliyechaguliwa, 2025 ni muhula wa kwanza na 2030 ana haki ya kurudi.

Kibatari

Ubishi huo unamalizwa na Ibara ya 40(4). Makamu akirithi kiti na kukikalia kwa chini ya miaka 3, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Akikikalia miaka 3 au zaidi, mara moja tu. Aliapa tarehe 19 Machi 2021, muhula ukiwa na miezi minne tu tangu uanze. Alikalia zaidi ya miaka minne. Nafasi yake moja ameitumia 2025. Kwa Katiba hii, 2030 hayumo.

Ngosha wa Misungwi

Kwa Katiba HII, mkuu. Majirani zetu Uganda walikuwa na ukomo wa mihula, wakauondoa 2005. Walikuwa na ukomo wa miaka 75, wakauondoa 2017. Musiseme hamkuambiwa.

Mama Tunu

Leo Ngosha tumekubaliana jambo, ntaandika ukutani.

Kibatari

Turudi kwenye chama, maana 2025 ilitupa mifano ambayo hata Mtikila asingeiota.

Wa kwanza CHADEMA. Hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili, Tume ikasema chama hakitashiriki. Kwa kalamu moja, kila mwanachama wa chama kile, awe na sifa zote za dunia, akawa hastahili kugombea chochote, kwa kuwa njia ya kufika kwenye karatasi ya kura ni chama tu.

Wa pili Luhaga Mpina. Alitoka CCM Agosti, ACT-Wazalendo wakamteua. Mwanachama wa chama hichohicho akalalamika kwamba uteuzi umekiuka kanuni zao za ndani, Msajili wa Vyama akautengua. Mahakama Kuu ikasema Tume ipokee fomu zake, Tume ikapokea, likaja pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akaondolewa tena. Angalieni walichobishania wiki zote zile. Si uraia wake, si umri, si kodi. Ni kanuni za ndani za chama! Kitabu ambacho wananchi hatukukipigia kura wala hatujakiona ndicho kilichoamua nani awe kwenye karatasi yetu.

Na upande wa pili, CCM Januari ya mwaka huohuo Mkutano Mkuu maalumu ulimpitisha mgombea mmoja, fomu hazikushindaniwa. Ni haki yao kama chama. Lakini sharti la chama likikutana na fomu moja, mtu milioni ngapi wenye sifa wameishia nje bila hata kuulizwa?

Ngosha wa Misungwi

Sawa, nimekuelewa kwa nusu. Sasa nani abadilishe? Maana mahakama imeshanawa mikono.

Karani Mstaafu

Bunge. Theluthi mbili ya wabunge wote, Ibara ya 98. Na hao wabunge, kwa Ibara ya 67, karibu kila mmoja ameingia kwa tiketi ya chama. Akitofautiana na chama akafukuzwa uanachama, Ibara ya 71 inasema ubunge umekwisha. Sasa wewe ndiye mbunge, utaunyoosha mkono kuwafungulia mlango watu wasiokuwa na chama, na katibu wa wabunge wa chama amekaa safu ya nyuma yako anahesabu?

Mama Tunu

Mzee Karani, mbona wale wabunge 19 wa viti maalumu walifukuzwa CHADEMA Novemba 2020 na wakakaa bungeni mpaka 2025?

Karani Mstaafu

Binti yangu, hilo lifungulie uzi wake.